Bima ya Chombo: Yakinga Nini, Haikingi Nini?

Kwa familia nyingi za pwani, chombo cha biashara ndicho shamba lao. Kikizama, deni la mkopo halizami nacho. Kwa hiyo yafaa baba na mama waielewe bima kabla ya kutia sahihi.

Bima ya chombo hulipia madhara ya chombo chenyewe, yaani mwili wake, mitambo na vifaa vyake, kinapopanda mwamba, kupigwa na dhoruba au kuungua moto. Shehena na abiria huhitaji bima nyingine.

Aidha, si kila hasara hulipwa. Sheria ya Uingereza ya Bima ya Bahari ya mwaka 1906, iliyoigwa na nchi nyingi, yasema kwamba mkataba usipoeleza vingine, uchakavu wa kawaida na uharibifu wa panya au wadudu haulipwi. Mbao zikiliwa kwa kukosa deheni, hasara ni ya mwenyewe. Vivyo hivyo, ajuaye kuwa chombo chake ni kibovu naye akakiruhusu king'oe nanga, ubovu huo ukileta ajali hatalipwa.

Jambo kubwa zaidi ni thamani. Chombo cha shilingi milioni 20 kikikatiwa bima ya milioni 10 ili kupunguza ada, hasara ya milioni 4 hulipwa milioni 2 tu. Nusu iliyobaki ni mzigo wa mwenyewe.

Hivyo, ndugu msomaji, soma mkataba chombo kingali bandarini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.