Upimaji wa haraka wa stadi za kuhesabu

Upimaji wa haraka wa stadi za kuhesabu ni njia ya kufuatilia maendeleo ya watoto wadogo katika hisabati kwa maswali machache yanayojibiwa kwa dakika chache darasani. Tofauti na mtihani, lengo lake si kumpa mwanafunzi nafasi darasani, bali kumwonyesha mwalimu mahali mtoto alipokwama.

Namna ya kupima

Mtoto huulizwa peke yake, kwa mdomo. Kwa kawaida hutakiwa kutambua namba, kutaja namba iliyo kubwa kati ya mbili, kujaza namba iliyokosekana, kujumlisha, kutoa na kufumbua mafumbo.

Jibu lisilo sahihi lina habari ndani yake. Mtoto anayejaza 7 baada ya 2, 4, 6 huenda amekariri kuhesabu bila kuona mpangilio. Anayesema 52 − 17 ni 45 huwa ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila upande. Anahitaji kurudishwa kwenye makumi na mamoja, si kupewa hesabu zaidi za aina ileile.

Tanzania

Tangu 2010 Uwezo imepima watoto majumbani, na mwaka 2013 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) kwa darasa la pili. Mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliweka mkazo kwenye KKK. Tafiti za aina hiyo huchukua sampuli tu, hivyo huonyesha hali ya nchi au mkoa. Hali ya mtoto mmoja mmoja hubaki mikononi mwa mwalimu wake.

Masasi na Newala

Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, na Masasi iko magharibi yake, mkoani Mtwara. Mkoa huo ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa Tusome Pamoja (2016–2021), ulioimarisha KKK.

Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, ilhali watoto wengi husikia Kimakonde, Kimakua au Kiyao nyumbani. Katika Kiyao na Kimakua, 6 husemwa "tano na moja". Neno "sita" la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, halionyeshi muundo huo. Kwa hiyo mtoto anayenyamaza akiulizwa "sita na mbili" anaweza kuwa hajui neno, si hesabu. Akipewa mbegu za korosho au vijiti ahesabu, mwalimu hutambua tofauti.

Mipaka

Katika darasa lenye wanafunzi wengi, mwalimu anaweza kupima watoto watano au sita kwa siku wakati wengine wakifanya zoezi, na kuandika matokeo kwenye daftari. Matokeo yasipobadilisha somo la kesho yake, upimaji huwa umepoteza muda wa kujifunza.