Penseli ilivyotupatanisha mimi na buda

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nilirudi mtaani Jericho na vitu viwili kwenye begi: daftari lililobaki nusu na penseli ya 2B. Buda hakunigombeza. Alininyamazia tu. Na unazijua hizi nyumba zetu za kaunti: vyumba viwili, watu watano. Kununiana humo ndani ni kazi, lakini sisi tuliiweza miezi minne.

Ndipo nikaanza kuchora watu. Kwenye mathree ya 58 nilimchora konda akimhesabia nyanya mmoja chenji polepole. Kando ya barabara, maboi wawili wakigawana mutura wa mbao. Siku nyingine, dada aliyesoma meseji moja mara tatu. Hakulia, ila mabega yalishuka. Nikajua hisia hazikai usoni pekee. Ziko shingoni, vidoleni, hata kwenye nafasi kati ya wawili walioketi benchi moja.

Vifaa si bei. HB inatosha kwa mistari miepesi; 4B na 6B ni laini, ndizo hutoa vivuli vizito. Na usidhani sanaa ni ya kina Westlands. Brush Tu, kikundi kilichoanzishwa 2013 na Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku, kilijijengea jina papa hapa Buruburu. Wao brashi tu, mimi penseli tu.

Usiku mmoja stima zikapotea. Buda alikuwa amelala kwenye kochi, buti za mjengo bado miguuni. Nikawasha mshumaa, nikaanza na mikono yake. Kumchora mtu kunakulazimu umtazame kweli. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka, saruji imejaa kwenye kucha. Miezi yote hiyo nilidhani amenikasirikia. Kumbe mzee amechoka.

Akaamka kabla sijamaliza. Akachukua daftari, akaliangalia kwa muda.

"Mbona umenizeesha hivi?"

"Sijaongeza kitu, baba."

Kimya. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Ile karo, kijana wangu, ningekuwa nayo ningelipa."

"Najua, baba."

Chuo bado sijarudi. Lakini siku hizi buda akitoka mjengoni huketi karibu na dirisha, penye mwanga, akijifanya hajui namchora. Buti havui haraka. Nilimwambia bado sijazipatia.

Wewe je, ni nani mmenuniana? Mtafutie penseli.