VITABU VYA WATOTO WA NCHI YA THELUJI

Kaskazini kabisa mwa Ulaya, katika nchi za Norwe, Uswidi, Ufini na pembe moja ya Urusi, wako watu waitwao Wasami, ambao hesabu yao hukadiriwa kuwa 80,000 hivi. Wakati wa baridi jua hutoweka kwao, na huko mwisho wa nchi giza hudumu karibu miezi miwili. Wakati wa joto jua halichwi hata usiku.

Mnyama wao mashuhuri ni kulungu wa theluji, ambaye hufukua theluji kwa kwato zake pana ili ale ukoga ulio chini yake. Kila mwenye kundi hukata alama yake katika masikio ya ndama. Lakini si Wasami wote walio wafugaji. Wengi ni wavuvi, wakulima, waalimu na makarani.

WAGENI WATANGULIA

Maisha hayo yamewavutia waandikaji wengi wa vitabu vya watoto. Mwaka 1935 Ingri na Edgar Parin d'Aulaire, mume na mke waliokaa Marekani, walitoa kitabu cha picha kiitwacho Children of the Northlights, baada ya kusafiri wenyewe mpaka huko. Kitabu hicho ni kizuri, lakini kiliandikwa kwa Kiingereza, ili watoto wa mbali wapate kustaajabu.

Watoto wa Kisami wenyewe walikuwa na shida nyingine. Mwaka 1898 waalimu wa Norwe waliagizwa watumie Kisami pale tu ambapo mtoto hawezi kuelewa bila msaada huo. Watoto wengi walikaa shule za bweni, mbali na wazazi wao, wakajifunza kusoma kwa lugha wasiyoisikia nyumbani. Wazazi wengine nao waliacha kusema Kisami na watoto wao, wakidhani kwamba wanawasaidia. Ni mwaka 1959 ndipo sheria ya Norwe iliporuhusu tena Kisami kufundishia shuleni.

WENYEWE WASHIKA KALAMU

Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na mwindaji wa mbwa mwitu, Johan Turi. Mwaka 1910 kitabu chake juu ya maisha ya Wasami kilipigwa chapa kwa Kisami na Kidenmaki, kwa msaada wa Emilie Demant, mwanamke wa Denmaki. Hakikuwa cha watoto, lakini kilionyesha kwamba Msami aweza kueleza habari zake mwenyewe.

Siku hizi wanaowaandikia watoto ni Wasami wenyewe. Mwaka 2013 Máret Ánne Sara, binti wa wafugaji wa Kautokeino, alitoa Ilmmiid gaskkas, hadithi ya ndugu wawili wanaogeuka kulungu. Mwaka uliofuata kitabu hicho kiliteuliwa kushindania tuzo ya nchi za kaskazini kwa vitabu vya watoto na vijana.

Hata hivyo kazi ingali kubwa, kwa kuwa Kisami ni lugha kadhaa. Kisami cha Inari, huko Ufini, chasemwa na watu mia chache tu. Mwaka 1997 kulianzishwa huko malezi ya watoto wadogo ambamo walezi husema lugha hiyo peke yake. Mtoto aliyeipata lugha kwa namna hiyo huhitaji kitabu cha kuisomea. Akikikosa, atachukua cha lugha kubwa, na polepole atahamia huko. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtoto hawezi kulaumiwa kwa kuacha asili asiyopewa.