Fahamu: Je, Mkristo anaweza kuwa mwanajeshi?

Swali hili ni la kale. Mwaka 295, kijana Maximilian wa Tebessa, katika Algeria ya leo, aliuawa kwa kukataa kuandikishwa katika jeshi la Roma kwa sababu ya imani yake.

Wanaokubali wanasema nini?
Wanamtaja Kornelio, akida wa Kirumi aliyebatizwa kwa agizo la Petro bila kuambiwa aache kazi. Baadaye mwanateolojia Augustino alifundisha kuwa vita vinaweza kuwa vya haki, vikiamriwa na mamlaka halali na kwa sababu ya haki. Wakatoliki na Waanglikana wengi wanafuata mkondo huo.

Wanaokataa je?
Wamennonite, Waquaker na Mashahidi wa Yehova wanashikilia agizo la Yesu la kuwapenda maadui. Korea Kusini iliwafunga maelfu ya Mashahidi waliokataa jeshi, hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 2018 kwamba lazima pawepo utumishi mbadala. Tangu 2020 wanaweza kufanya kazi magerezani kwa miezi 36.

Kuna njia ya kati?
Ipo. Desmond Doss, Msabato wa Marekani, alikubali sare lakini akakataa bunduki. Mwaka 1945 huko Okinawa, akiwa mhudumu wa tiba, aliwashusha majeruhi wapatao 75 kwa kamba, mmoja mmoja, kutoka juu ya genge.

Unafikiria kujiunga na jeshi na dhamiri inakusumbua? Zungumza na kiongozi wako wa dini kabla ya kula kiapo.