Mtu Mzima Anaporudi Darasani, Ugumu ni Dalili ya Nini?

Madarasa ya jioni hujaa Januari. Ikifika Machi viti vimeanza kubaki vitupu, na walioondoka hawakuondoka kwa kufeli, maana mtihani wenyewe bado uko mbali. Wameondoka aljebra ilipoanza, au siku mwalimu wa Kiingereza alipowataka wasimame mmoja mmoja wazungumze. Ukimuuliza mmoja wao atakutajia nauli, zamu za kazini, mtoto aliyeugua. Sababu hizo ni za kweli na sitaki mtu azidharau. Lakini ukikaa naye zaidi, utaisikia ile iliyofichwa chini ya zote: "Mwalimu, kichwa changu kimeshachoka. Mambo haya hayaingii."

Kazi yangu ni kufundisha watu wazima, na kauli hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Anayeisema anadhani amejipima akajua kiasi chake, kumbe ameeleza tu anavyojisikia. Tena wataalamu wa kumbukumbu wameonyesha kwamba katika kujifunza hisia hii hutudanganya mara kwa mara: mbinu inayotupa raha huacha kidogo kichwani, na inayotutoa jasho huacha kingi.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University mjini St. Louis waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha likafunga karatasi na kuandika kila lililokumbukwa, likarudia kuandika hivyo mara tatu bila kuitazama tena. Baada ya dakika 5 waliosoma vipindi vinne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka. Waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 61, na waliosoma vipindi vinne waliporomoka hadi asilimia 40. Hao walioporomoka ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Kusoma tena na tena ni kama kumtazama bibi akisuka mkeka. Macho yanaona kila kitu kinakwenda sawa, na moyo unasema nami naweza. Ukipewa ukindu mkononi ndipo unapogundua vidole havijui pa kuanzia. Kuanzia hapo ndipo unapojifunza, na mahali hapo hapana raha hata kidogo. Robert Bjork, mwanasaikolojia wa California, tangu mwaka 1994 amekuwa akiuita ugumu wa namna hii ugumu wenye faida.

Hata vijana waliozoea kufaulu hudanganyika. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya somo la fizikia lililofundishwa kwa njia mbili. Wanafunzi wengine walisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari, wengine walipewa maswali ya mada ileile wahangaike nayo kwa vikundi kwanza. Waliohangaika walipata alama zaidi kwenye jaribio. Walipoulizwa wamejifunza kiasi gani, wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Kama hisia hiyo inawapotosha wanafunzi wa chuo kama kile, itamwachaje mama wa miaka 38 aliyeacha shule kidato cha pili?

Mtu mzima ana mzigo mwingine ambao kijana hana. Huko anakotoka ni bingwa. Ni fundi anayekadiria mbao za paa kwa kulitazama tu, ni mshonaji anayekata kitambaa bila kuchora, ni mama anayeendesha genge na kukumbuka madeni ya mtaa mzima. Jioni anaingia darasani anashindwa kugawanya sehemu mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Analinganisha ustadi wa miaka ishirini na somo la wiki mbili, halafu anajihukumu. Amesahau kwamba hata huo ustadi ulianza kwa kukata kitambaa cha mteja vibaya na kugombezwa.

Nchini Tanzania suala hili limezidi uzito tangu Novemba 2021, Serikali ilipowaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi. Wapo pia wanaojiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao wengi huuita QT, na watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia kidato cha nne. Mlango umefunguliwa, na ni jambo la heri. Anayepita mlango huo anastahili kuambiwa mapema ndani atakutana na nini.

Kuambiwa mapema kunasaidia kweli. Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach walichapisha mwaka 2022 majaribio kadhaa, na moja lilifanyika kwa wanafunzi wa uigizaji wa papo kwa papo katika ukumbi wa Second City, Chicago. Wanafunzi wengine walipewa maelekezo ya kawaida. Wengine waliambiwa lengo lao ni kujisikia vibaya na kuona aibu, na kwamba hali hiyo ni ishara ya zoezi kufanya kazi. Hawa wa pili walikaa mbele ya wenzao muda mrefu zaidi na kuthubutu mambo makubwa zaidi. Zoezi lilikuwa lilelile, aibu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni maana waliyoipa.

Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu siku hizi wahamasishaji wengi wanahubiri kuvumilia kila maumivu. Si kila usumbufu una faida. Mwanafunzi anayeumwa kichwa kwa sababu hajala tangu asubuhi anahitaji chakula. Anayetukanwa na mwalimu mbele ya wenzake anahitaji mwalimu mwingine. Na wengi waliovuka miaka 40 huanza kuziona herufi ndogo kwa shida. Huhamisha kitabu mbele na nyuma, macho yanawauma, wanasema somo ni gumu. Hilo ni jambo la kawaida la umri, na miwani ya kusomea hulitatua. Natamani kila darasa la watu wazima lianze kwa kupima macho, maana sidhani kama kuna ukatili wa kimyakimya zaidi kuliko kumwacha mtu aamini ni mjinga kwa sababu haoni vizuri.

Usumbufu ninaousema mimi ni ule wa kutafuta jibu ambalo bado halijakaa kichwani. Unautambua kwa dalili hizi: swali lenyewe unalielewa, unajua unachotafuta, unakosea, na kosa la leo si lile la juzi.

Usumbufu huo huvumilika mtu akijua hasa anachokitaka. Mzee Kimani Maruge wa Kenya alikuwa na miaka 84 alipojiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, baada ya elimu ya msingi kutangazwa bure mwaka uliotangulia. Aliketi na watoto wa umri wa vitukuu, amevaa sare na kaptula. Watu humtaja kwa sababu ya umri wake, na kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandika. Mimi hunivutia zaidi alichokuwa anakitaka: aisome Biblia kwa macho yake mwenyewe, na ajue kuhesabu fedha zake. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipomfikisha kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani mwaka 2008, aliendelea kwenda shule akitokea kambini.

Tofauti na Maruge, wanafunzi wangu wengi huja na lengo la "kujiendeleza." Neno zuri, lakini usiku ukiwa umechoka halikushiki mkono. Afadhali useme nataka kuandika barua ya kuomba kazi bila kusaidiwa, au nataka kusoma mkataba wa mkopo kabla ya kuusaini.

Kisha panga utakachofanya ugumu ukifika. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa New York University, alionyesha katika makala ya mwaka 1999 kwamba nia hutimizwa zaidi ikipangwa kwa sura ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi." Wengi huipanga kwa saa na mahali tu. Mimi huwaomba wanafunzi waipange kwa ajili ya dakika yenyewe ya kukwama: nikikwama kwenye swali, nitaandika mstari mmoja wa mahali nilipoishia, nitajaribu njia moja zaidi, ndipo nimuulize mtu. Nia hii huandikwa kwenye jalada la ndani la daftari, siku ambayo kichwa kimetulia.

Siku za kukosa darasa zitakuja. Kuna msiba, kuna mvua, kuna mwezi usio na nauli. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kama kula tunda mchana au kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 tabia kuzoeleka, mwingine siku 18, na makadirio ya mwingine yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo aliyekosa vipindi asisubiri Januari nyingine, aingie Jumatatu hiihii na daftari lilelile. Na mwalimu asimuulize mbele ya darasa alikuwa wapi. Ampe swali la mada ya mwisho aliyohudhuria, amwache ahangaike nalo kidogo bila kitabu, halafu ndipo amwonyeshe wenzake wamefika wapi.