MAELEZO KWA WAVUVI: KUCHAGUA TAA YA KUVULIA DAGAA USIKU

Wavuvi wa dagaa, wenye vyombo, wachemshaji na waanikaji wa dagaa, pamoja na wananchi wanaovulia kwenye magati, wanaarifiwa kwamba maelezo haya yanahusu namna ya kuchagua taa inayofaa kuvutia samaki wakati wa usiku. Yametolewa kwa sababu taa za aina nyingi zimeenea madukani, bei zake hutofautiana sana, na mvuvi anayekopa fedha kwa ajili ya kununua taa isiyofaa huendelea kulipa deni lake bila ya kupata samaki wa kulilipia.

Dagaa wanaovuliwa katika mkondo wa Zanzibar hushushwa kwenye madiko kama vile Kama, Mangapwani na Fungurefu. Hapo huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa juani na kutiwa katika magunia. Sehemu ya magunia hayo huvushwa hadi Tanzania Bara, na kutoka huko husafirishwa kwa magari hadi mpaka wa Tunduma, Mkoa wa Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na kuingia Zambia na Kongo. Mkaazi wa Chapwa, kata mojawapo ya mji wa Tunduma, anaweza kununua kipimo cha dagaa hao bila ya kuwahi kuiona bahari. Walakini ubora wa kilichomo ndani ya gunia, na faida au hasara ya kila aliyelishika njiani, huanza pale mvuvi anapowasha taa yake juu ya maji.

Kwa nini samaki hufuata nuru

Taa inapowashwa katika usiku wa giza, wanaokusanyika mwanzo ni vijidudu vidogo vidogo vya baharini, ambavyo vingi havionekani vyema kwa macho matupu. Dagaa hula vijidudu hivyo, na huvitafuta kwa kutumia macho. Kwa hiyo nuru huwawezesha kula katika saa ambazo kwa kawaida wangekuwa wametawanyika kizani. Baada ya dagaa hufuata ngisi, vibua, kolekole na wengineo ambao chakula chao ni dagaa. Samaki hao wakubwa aghalabu hawaingii katikati ya nuru. Husimama ukingoni, pale nuru inapokutana na kiza, wakimngoja dagaa atakayetoka nje ya kundi.

Kutokana na maumbile hayo, taa huhitaji kupewa muda. Mvuvi anayehamisha chombo chake kila baada ya dakika chache huondoka kabla ya samaki kukusanyika, hata kama taa yake ni nzuri. Hali kadhalika, mbalamwezi hupunguza kazi ya taa, kwa kuwa bahari yote huwa na mwangaza na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa hupumzika katika siku zinazozunguka mwezi mpevu. Taa kubwa zaidi haiwezi kuubadilisha utaratibu huo, na mwenye kuinunua kwa matumaini hayo atapata hasara.

Nguvu ya taa

Wanunuzi wengi huuliza wati. Wati ni kipimo cha umeme unaotumiwa na taa, wakati lumeni ni kipimo cha nuru inayotoka ndani ya taa hiyo. Globu ya zamani ya wati 60 hutoa takriban lumeni 800, na taa ya LED iliyotengenezwa vizuri hutoa nuru kiasi hicho kwa wati 8 hadi 10 tu. Kwa hiyo mnunuzi anashauriwa asome idadi ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi, na ajihadhari na taa ambayo boksi lake limeandikwa wati nyingi bila ya kutaja lumeni.

Jambo la pili, ambalo limewagharimu wengi, ni imani kwamba kuongeza taa mara mbili huongeza eneo la kuvulia mara mbili. Maji hunywa nuru. Tuseme, kwa mfano, kwamba katika maji ya mahali fulani nuru hupungua kwa nusu katika kila mita 3 za kina. Mvuvi mwenye taa moja akiongeza ya pili iliyo sawa nayo, nuru yake itashuka mita 3 zaidi, wala haitapita hapo. Akitaka mita nyengine 3, itambidi awe na taa nne. Na akitaka tena, taa nane. Gharama ya taa, betri au mafuta huongezeka maradufu katika kila hatua, na faida yake hubaki ni ile ile ya mita chache.

Zaidi ya hayo, nuru kali kupita kiasi huwafanya dagaa wakae mbali na chombo au wazame chini, ambako wavu hauwafikii. Na pale chombo kimoja kinapoongeza taa, cha jirani nacho huongeza ili kisinyang'anywe samaki. Baada ya muda mfupi vyombo vyote huwa na taa nyingi, samaki huwa ni wale wale, na kilichopanda ni gharama ya kwenda baharini.

Rangi ya nuru na rangi ya maji

Nuru nyekundu humezwa na maji katika mita chache za mwanzo. Nuru ya buluu hufika mbali zaidi katika maji maangavu ya bahari kuu, kama yale yaliyoko nje ya mwamba upande wa mashariki wa Unguja. Katika maji ya karibu na pwani, yenye vijidudu vingi vya kijani na tope linaloteremka wakati wa mvua za masika, nuru ya kijani ndiyo inayopenya vizuri zaidi. Taa nyeupe ya LED huchanganya rangi zote, na kwa hiyo hufaa mahali pengi, ijapokuwa sehemu ya nuru yake hupotea karibu na uso wa maji. Karabai hutoa nuru yenye umanjano, na sehemu kubwa ya nuru hiyo haifiki mbali.

Anayevulia mahali pamoja kila siku anaweza kuchagua rangi kwa kuyatazama maji yake wakati wa mchana. Maji yakiwa ya kijani, achague taa ya kijani au nyeupe. Yakiwa ya buluu na chini panaonekana, buluu au nyeupe itamfaa. Taa nyekundu haifai kwa kazi hii.

Mafuta, betri na hesabu yake

Karabai imewatumikia wavuvi wa Afrika ya Mashariki kwa miongo mingi, baharini na pia katika Ziwa Tanganyika, ambako dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na ambao upande wa Zambia huitwa kapenta. Karabai kubwa hutumia takriban lita moja ya mafuta ya taa kwa saa 8. Utambi wake hupasuka kwa mtikisiko, kioo huvunjika kwa tone la maji baridi, na moto wake ni hatari ndani ya chombo cha mbao chenye mafuta na nyavu. Mvuvi anayetumia karabai nne hununua lita nne kila usiku anaokwenda, apate samaki ama asipate.

Taa ya LED hulipiwa fedha nyingi mwanzoni na kidogo baadaye. Lakini ni lazima ilinganishwe na betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 75 huhifadhi umeme wa wati-saa 900. Betri za kawaida za gari huharibika mapema zikimalizwa kabisa, kwa hiyo inafaa kutumia nusu tu, yaani wati-saa 450. Taa ya wati 30 itawaka saa 15 kwa umeme huo, kiasi kinachotosha usiku mzima na akiba. Taa ya wati 100 itazimika baada ya saa nne na nusu, yaani saa 6 ya usiku kwa aliyeiwasha saa 1 na nusu jioni. Anayechaji kwa jua atahitaji paneli ya takriban wati 100 ili kurejesha umeme wa taa ya wati 30 iliyowaka saa 10.

Taa za gatini

Kwa wanaovulia kwenye gati, taa iliyofungwa juu sana hupoteza nuru, kwani sehemu yake huruka juu ya uso wa maji na kumwingia mvuvi machoni. Inatakiwa ishushwe karibu na maji na ielekezwe chini moja kwa moja, ikiwa na kifuniko kinachozuia nuru isitawanyike pembeni. Taa ya kuzamishwa hutumia nuru yake yote ndani ya maji, lakini huota uchafu wa baharini na hubidi isafishwe mara kwa mara. Iwe ya volti 12. Ni marufuku kwa mwenye akili timamu kushusha majini waya wa umeme wa nyumbani wa volti 230.

Kadhalika, taa za gati zisielekezwe kwenye fukwe ambazo kasa na ng'amba hutaga, kama vile za Mnemba na Misali. Watoto wa kasa wanapotoka kwenye mayai usiku hufuata upande wenye mwangaza, na taa ya nchi kavu huwapoteza njia ya baharini wakafa.

Usalama na vizazi vya samaki

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 wa kuzuia vyombo visigongane baharini unaelekeza kwamba chombo kinachovua kwa wavu usiokokotwa kioneshe taa nyekundu juu ya nyeupe, na kinachokokota wavu kioneshe kijani juu ya nyeupe. Taa ya kijani ya kuvutia samaki ikiachwa ielekee nje, nahodha wa meli anaweza kuifasiri vibaya. Kwa hiyo taa ya kuvulia ielekezwe chini, na taa za usalama za chombo zisizimwe wala kufichwa nayo.

La mwisho ni lile linalowahusu wote. Nuru haichagui. Pamoja na dagaa, huwaita watoto wa vibua na wa samaki wengine ambao hawajazaa hata mara moja. Taa zikiwa nyingi na macho ya wavu yakiwa madogo, samaki wa mwaka ujao hutiwa katika gunia la leo, na hununuliwa kwa bei ya dagaa.

Kwa kuzingatia hayo, wavuvi wanashauriwa:

(a) Wanunue taa kwa kuangalia lumeni na uwezo wa betri waliyonayo.

(b) Wachague kijani au nyeupe kwa maji ya pwani, na buluu au nyeupe kwa maji maangavu.

(c) Waanze na taa zote, kisha wazizime moja baada ya moja na kubakisha moja yenye nuru ndogo karibu na wavu, ili dagaa wapande juu na kukaribiana kabla ya wavu kufungwa.

(d) Wakubaliane baina ya vyombo, kupitia kamati za wavuvi za shehia, juu ya kiasi cha taa na umbali kati ya chombo na chombo.

(e) Wamuone afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kununua, ili wafahamishwe masharti ya leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Nambari 7 ya mwaka 2010.

Mnunuzi wa Chapwa hatauliza gunia lake lilivuliwa kwa taa ya aina gani. Ataangalia iwapo dagaa ni wakavu, ni wazima na ni dagaa kweli, na iwapo mwakani watakuwapo tena. Majibu ya maswali hayo yako mikononi mwa mvuvi anayeshika taa, na wananchi wote wa madikoni wanaombwa wamsaidie kuichagua vyema.