KYAGHANDA, MASOMO YA KANDO YA MOTO

Sisi Wanande wa Beni, Butembo na Lubero tunajua neno kyaghanda. Ni ile nyumba ya wanaume, yenye moto katikati. Magaribi wazee walikuwa wanaikala pale, kupokea wageni na kukata maneno ya mashamba na ya ndoa. Vijana walileta kuni na kusikiliza: mezali na habari za jamaa, njo pale walizijifunza, bila kitabu. Wamama hawakuikala humo. Wao walifundisha wabinti jikoni. Kwa hiyo hekima yao nyingi haikufika mbele ya wazee.

Siku hizi tunalala shuleni, na wazee wanaisha. Wanafunzi wenzetu, wakati wa likizo tuwaulize wababu, na wakoko wanamuke vilevile. Moto ukizimika, nani atatuelezea?